WAKIMBIE, NA WASEME
Jibu kwa Wanaotaka Mwanamichezo Awe Bubu

Ndugu Wafanya kazi wa Habaswein, Modogashe, Wajir na Garissa,

Liko neno linalotembea siku hizi katika maduka ya chai, katika ofisi, na hata, twasikitika kusema, katika mikutano ya chama. Neno lenyewe ni hili: "Mkimbiaji akimbie, mchezaji acheze, mambo ya nchi awaachie wenyewe." Kila mara mwanamichezo mwenye jina anapofungua kinywa kusema juu ya njaa, au juu ya wanawake wanaouawa, au juu ya watu wanaonyimwa haki, husimama mtu akamwambia arudi uwanjani. Ati yeye kalipwa kwa miguu, si kwa mdomo.

Twataka kulijibu neno hili, na kulijibu bila kumung'unya. Ni neno baya, na baya zaidi likitoka kinywani mwa mfanya kazi, kwa maana hakuna mtu duniani aliyeambiwa neno hili mara nyingi kuliko sisi.

NENO HILI TULIKWISHA LISIKIA

Wenye umri watakumbuka, na vijana wasome. Tarehe 1 Mei 1949 Makhan Singh, Fred Kubai na wenzao waliunda Kongresi ya vyama vya wafanya kazi vya Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ikasemaje? Ilisema kwamba chama cha wafanya kazi kazi yake ni kuomba mshahara na saa za kupumzika; mambo ya utawala hayawahusu makuli na makarani. Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alisimama akadai uhuru wa nchi hizi. Mwezi uliofuata alikamatwa. Alizuiliwa hadi Oktoba 1961, miaka 11 na zaidi, na baadhi ya miaka hiyo aliikalia Lokitaung, huku huku Kaskazini, kwa sababu mkoloni aliifanya Kaskazini kuwa gunia la kutilia watu waliosema.

Basi angalia, ndugu. Fundi alikuwa ni wa kazi, si wa kusema. Karani ni wa kazi, si wa kusema. Leo mkimbiaji ni wa kazi, si wa kusema. Kesho mwalimu, na kesho kutwa muuguzi. Mwisho wa hesabu hii ni nini? Ni kwamba wenye ruhusa ya kusema ni wale tu ambao hawana kazi nyingine ila kusema, nao ndio wale wanaokuja Habaswein kila baada ya miaka 5 na msafara wa magari, wakatuachia vumbi. Na vumbi tunalo tayari. Mji wetu wenyewe umepewa jina hilo kwa Kisomali.

Katiba ya 2010 haikumtenga mwanamichezo. Kifungu cha 33 kimempa kila mtu uhuru wa kusema. Kifungu cha 36 kimempa uhuru wa kujiunga na wenzake. Kifungu cha 41 kimempa kila mfanya kazi haki ya chama na ya mgomo. Tumevisoma vifungu hivyo mbele na nyuma, na hatukuona palipoandikwa "isipokuwa yule anayekimbia mita 5,000."

NANI ALIYEITIA SIASA UWANJANI?

Wanasema tena: "Tusichanganye michezo na siasa." Vizuri. Tuwaulize ni nani aliyeanza kuchanganya.

Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi, mwaka ule ule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi tarehe 16 Juni. Nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zikajitoa katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Kenya ilijitoa. Tanzania ilijitoa. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakukimbia Montreal. John Walker wa New Zealand akachukua dhahabu bila Bayi kuwamo. Mwaka 1980 Kenya ilijitoa tena, safari hii Michezo ya Moscow, kwa ugomvi wa wakubwa juu ya Afghanistan. Mike Boit wetu, aliyepata shaba Munich mwaka 1972, alipoteza Olimpiki mbili, ya 1976 na ya 1980.

Sisi hatusemi kuwa kuisusia Montreal kulikuwa kosa. Wafanya kazi wa Afrika walikuwa na deni kwa wenzao wa Afrika Kusini, na deni hulipwa. Tunasema hivi: uamuzi ule ulikuwa siasa tupu, na mabega yaliyoubeba yalikuwa ya wanariadha. Serikali ilipotaka kumtumia mkimbiaji kwa siasa, hakuna aliyelia kwamba michezo inachafuliwa. Ni pale mkimbiaji mwenyewe anapotaka kutumia jina lake ndipo siasa huwa uchafu.

Na hata leo, ndugu, tazameni. Mshindi akirudi na medali, ni nani anayewahi kiwanja cha ndege kupiga naye picha? Ni nani anayempa zawadi mbele ya kamera, na ngoma, na maziwa ya mursik? Bendera hupandishwa, wimbo wa taifa hupigwa, hotuba hutolewa. Hayo yote ni siasa. Siasa haikutoka uwanjani hata siku moja. Wanachokataa ni mwanamichezo kuwa na zamu yake ya kusema.

"LAKINI HAO NI MATAJIRI"

Wako ndugu katika tawi letu wanaosema: "Hao wakimbiaji wana mashamba na majumba Eldoret. Wao si wafanya kazi. Mambo yao yatuhusu nini sisi wa vibarua vya barabara na mizigo?"

Tuwajibu kwa utaratibu. Kweli, wako wachache waliotajirika. Lakini kwa kila mmoja unayemwona kwenye televisheni, wako mamia wanaoamka alfajiri kule Iten na Kaptagat wakikimbia bila mshahara, bila bima, bila akiba ya uzeeni, wakingoja wakala awapatie mbio moja Ulaya. Akiumia mguu, kazi imekwisha. Kibarua cha mguu hakina tofauti na kibarua cha mgongo. Wachezaji wa mpira wa Kenya wameliona hilo, wakaunda chama chao, KEFWA, cha kutetea maslahi yao. Mtu anayeunda chama kwa sababu hajalipwa ni ndugu yetu, awe amevaa ovaroli au bukta.

Na msisahau Novemba 2015. Wanariadha wa Kenya walikwenda Riadha House, makao ya chama kinachosimamia mbio, wakaufunga mlango, wakakaa hapo siku kadha wakitaka wakubwa waondoke. Madai yao yalikuwa juu ya pesa za udhamini na juu ya uzembe katika mambo ya dawa haramu. Mbele yao alikuwa Wilson Kipsang, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2013. Kabla ya mwezi ule kwisha, tume ya maadili ya shirika la riadha la dunia iliwasimamisha vigogo watatu wa Kenya ili uchunguzi ufanywe. Sasa twauliza: kufunga mlango wa ofisi na kukaa mpaka usikizwe, kwa lugha yetu kunaitwaje? Kunaitwa mgomo. Hao matajiri mnaowasema walifanya mgomo, na wengi wetu hatukuwapelekea hata barua ya kuwaunga mkono.

Wapinzani watasema: huyo Kipsang mwenyewe alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa kukosa kupatikana na wapimaji. Ni kweli, na hatufichi. Lakini swali la 2015 lilikuwa: pesa za wanariadha zimekwenda wapi? Swali hilo lilikuwa halali siku ile na ni halali leo. Mdai akiwa na kosa, adhabu yake ni yake, deni halifutwi.

WALIOPIGA KELELE BAADA YA MAITI

Sasa tuje kwa kina mama. Agnes Tirop alikuwa wa nne katika mita 5,000 Tokyo mwaka 2021. Septemba mwaka huo aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1. Tarehe 13 Oktoba alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, amechomwa kisu. Alikuwa na miaka 25. Aprili 2022 Damaris Mutua alikutwa amekufa hapo hapo Iten. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni Paris mwezi uliotangulia, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia na mtu aliyewahi kuwa mwenzi wake. Alikufa Eldoret tarehe 5.

Ni nani waliosimama? Wanariadha wenyewe. Viola Cheptoo na wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels kuwasaidia wanawake wanaopigwa na kunyang'anywa mali. Walisema hadharani jambo ambalo watu walikuwa wakilinong'ona: kwamba msichana akianza kushinda, hujitokeza mwanamume ajiitaye kocha, ajiitaye meneja, kisha ajiitaye mume, na shamba likinunuliwa kwa miguu ya msichana, hati huandikwa jina la huyo bwana. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndugu, hapo nani atasema "wakimbie tu, wasiseme"? Wakimbie wapi? Agnes Tirop alikuwa mwenye kasi kuliko wanawake wote wa dunia katika mbio ile, na kasi haikumwokoa nyumbani. Kama wenzake wangenyamaza, kifo chake kingeitwa ugomvi wa mume na mke, faili likafungwa. Na hapa kwetu, mwanamke anayepigwa na mumewe hupelekwa kwa wazee, wazee wakahesabu ngamia, mambo yakaisha bila yeye kuulizwa neno. Tusijione tu wema kuliko Iten.

HUSSEIN ABDI KAHIN

Tumefika katika jambo linalotuchoma sisi wenyewe hasa.

Watoto wote wa Habaswein wanamjua Mo Farah. Dhahabu 4 za Olimpiki: mita 5,000 na 10,000, London mwaka 2012, na zote mbili tena Rio mwaka 2016. Vijana wetu humtaja kwa fahari, kwa kuwa ni Msomali. Mwaka 2017 Rais wa Marekani alipowafungia mlango watu wa nchi 7 za Waislamu, Somalia ikiwamo, Farah alisema waziwazi kwamba ni ubaguzi, wala hakungoja kuulizwa mara mbili.

Lakini neno zito zaidi alilisema Julai 2022. Alisema kwamba jina lake la kuzaliwa si Mohamed Farah. Yeye ni Hussein Abdi Kahin, mtoto wa Somaliland, ambaye baba yake aliuawa kwa risasi akiwa na miaka 4. Alipelekwa Djibouti. Akiwa na miaka kama 9, mwanamke asiyemjua alimpandisha ndege mpaka Uingereza kwa hati za mtoto mwingine. Huko aliwekwa katika nyumba ya watu, akatumikishwa kupika, kufua na kulea watoto wa wenye nyumba, na akaonywa asiseme kama anataka kuwaona jamaa zake tena. Aliokolewa na mwalimu wa michezo wa shule, Alan Watkinson, aliyemsikiliza.

Alipofichua hayo alikuwa anahatarisha nini? Alikuwa anahatarisha uraia wake, kwa maana aliupata mwaka 2000 kwa jina lisilo lake. Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba haitamchukulia hatua. Novemba 2023 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji likamteua kuwa balozi wake mwema wa dunia nzima, wa kwanza kwa cheo hicho.

Haya, tuulizane bila kutazamana pembeni. Nyumba ngapi za mji huu, na za Wajir, na za Garissa, zina mtoto aliyeletwa kutoka bula au kutoka ng'ambo ya mpaka, anayeitwa "mtoto wa jamaa", naye haendi shule? Anaamka wa kwanza kuwasha moto na kulala wa mwisho baada ya kuosha sufuria. Anachota maji. Anambeba mtoto mgongoni. Mshahara wake ni chakula na nguo ya Idi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, awe analipwa au halipwi. Maneno hayo mawili, "au halipwi", yanatupiga usoni. Tumekuwa tukijificha nyuma ya neno "jamaa" kama yule mwanamke wa London.

Na hapa ndipo tunapoona faida ya mwanamichezo kusema. Chama cha wafanya kazi wa majumbani na mahoteli, KUDHEIHA, kimesema juu ya watumishi wa nyumba miaka mingi. Wakaguzi wa kazi wameandika ripoti. Nani huku kwetu aliisoma? Lakini aliposema Farah, jambo lile lilizungumzwa na akina mama visimani na wazee chini ya miti. Sauti ya mshindi iliingia katika nyumba ambazo mkaguzi wa kazi hajapata kuzipiga hodi. Basi mwenye sauti ya namna hiyo, tumwambie anyamaze? Kwa faida ya nani? Si kwa faida ya mtoto aliye jikoni.

KIMYA CHA 1984

Wazee wetu wanajua kimya ni nini. Kuanzia Desemba 1963 mpaka 1991 mkoa huu uliishi chini ya sheria za hali ya hatari. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani bila maji, wakauawa. Serikali ilikiri watu 57. Wenyeji wanahesabu kwa mamia na maelfu. Mbunge Ahmed Khalif alilipeleka jambo hilo Bungeni. Habari haikwenda mbali, kwa maana njia zake zilizibwa.

Agosti mwaka ule ule Julius Korir alishinda dhahabu ya kuruka viunzi na maji Los Angeles, na wimbo wa Kenya ukapigwa. Hatumlaumu Korir hata kidogo. Alifanya kazi yake vizuri. Tunasema tu jambo moja: furaha ya ushindi ule ilisafiri kutoka Los Angeles mpaka kila pembe ya Kenya, na kilio cha Wagalla hakikuweza kusafiri mpaka Nairobi. Barabara ya habari ilikuwako. Iliwekewa kizuizi upande mmoja. Mwanamichezo mwenye jina ni mtu mmojawapo awezaye kupita kizuizi kama hicho na mzigo wa wengine.

Wako waliopita. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, aliunda taasisi yake ya amani mwaka 2003, akawakimbiza pamoja vijana wa Pokot, Turkana na Karamoja waliozoea kukutana kwa bunduki. Mwaka 2016 aliongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio. Walikuwa 10, na 5 kati yao walitoka kambi ya Kakuma. Rose Nathike Lokonyen alibeba bendera. Sisi tuliokaa na kambi za Dadaab tangu 1991, tuliozoea kuwaona wakimbizi kama hesabu ya magunia ya unga, tulipaswa kujifunza hapo. Paul Tergat, aliyekula chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani akiwa mtoto wa shule Baringo, amekuwa balozi wa shirika hilo tangu 2004. Mtu aliyeonja njaa akisema juu ya njaa, hasemi siasa. Anatoa ushahidi. Na mvua zilipokosekana kwetu misimu 5 mfululizo, 2020 mpaka 2022, na mizoga ikajaa kando ya barabara, ushahidi wa namna hiyo ulihitajika.

BEI YAKE, NA MIPAKA YAKE

Tusiwadanganye wasomaji kwamba kusema ni bure. Tarehe 21 Agosti 2016 Feyisa Lilesa wa Ethiopia alimaliza wa pili katika marathoni ya Rio, akapishanisha mikono juu ya kichwa, ishara ya Waoromo waliokuwa wakipigwa risasi na serikali. Ndugu zetu Waborana waliielewa ishara ile mara moja. Lilesa hakurudi nyumbani. Alikaa ugenini mpaka Oktoba 2018, serikali ilipokwisha badilika. Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi Mexico mwaka 1968 wakafukuzwa katika timu. Muhammad Ali alikataa kwenda vita vya Vietnam mwaka 1967, akanyang'anywa ubingwa. Kwa hiyo mtu akisema ukweli akijua bei yake, usimwambie anatafuta sifa. Sifa alikuwa nazo tayari. Kilichobaki kilikuwa kuzipoteza.

Lakini, ndugu, tuseme na upande wa pili, tusije tukawa washangiliaji tu.

Kwanza, jina kubwa si elimu ya kila kitu. Bingwa akisema upuuzi juu ya chanjo au juu ya kabila la watu, apingwe kama mtu mwingine yeyote. Haki ya kusema si haki ya kuaminiwa.

Pili, mwenye kampuni ya viatu hupenda maneno yasiyomgharimu. Atamruhusu mkimbiaji kusema "amani" na "upendo", lakini akigusa mshahara wa msichana aliyeshona kiatu, mkataba hutafutwa kabatini. Basi tupime: je, neno hili linamkera yeyote mwenye nguvu? Kama halimkeri mtu, huenda ni tangazo la biashara.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Sauti moja, hata ikiwa kubwa, si chama. Bingwa huzeeka, hustaafu, hufa, huhama, hununuliwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Viola Cheptoo hakutoka mbele ya kamera akaenda zake. Aliunda shirika pamoja na wenzake. Tegla aliunda taasisi. Wanariadha wa 2015 walikwenda Riadha House wengi, hawakwenda mmoja. Na wanawake wa soko la Wajir, pamoja na Dekha Ibrahim Abdi, walioanza kuzima vita vya koo mwaka 1993, hawakuwa na medali hata moja, ila walikuwa na kamati, na kamati ilifanya yaliyowashinda wenye bunduki. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi Desemba 2015 katika basi la Mandera kwa kukataa Waislamu watengwe na Wakristo, akafa mwezi uliofuata, hakuwa bingwa wa dunia. Alikuwa mwalimu, mfanya kazi kama sisi. Tusije tukangoja bingwa aseme kabla sisi hatujasema.

Bingwa ni kipaza sauti. Kipaza sauti ni kitu cha thamani, lakini hakina maneno yake chenyewe. Maneno ni ya watu, na watu wakikaa kimya, kipaza sauti kitapeleka upepo.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo tawi linaweka mbele yenu mambo haya, yazungumzwe katika mkutano ujao:

1. Kila mwanachama aache kutumia neno "akimbie tu, asiseme". Atakayelitumia aulizwe kama yuko tayari kuambiwa "beba tu, usidai."

2. Timu za mpira za vijana wa Habaswein zinapocheza, tawi liombe dakika 10 kabla ya mchezo, na nahodha, si mwanasiasa, aseme juu ya jambo moja la mji: maji, shule, au watoto wa jikoni. Mabishano ya maji ya ardhini ya Merti, yaliyozuka ulipoletwa mpango wa kuyapeleka kwa mabomba mpaka mji wa Wajir, yalionyesha kuwa vijana wana maoni. Hawakupewa pa kuyasemea.

3. Kila nyumba ya mwanachama iliyo na mtoto wa jamaa afanyaye kazi, mtoto huyo aandikishwe shule muhula huu. Hatuwezi kupiga makofi kwa Hussein Abdi Kahin mchana na usiku tukamtuma mwenziwe kuchota maji. Anayeona jambo hili ni gumu, ndiye tunayesema naye.

4. Juu ya vitambulisho. Februari 2025 Rais, akizuru Kaskazini Mashariki, alitia sahihi tangazo la kuondoa ukaguzi wa ziada uliowekwa kwa watu wa mipakani. Tangazo ni karatasi mpaka lionekane dirishani kwa karani. Kijana asiye na kitambulisho hana pasi ya kusafiria, na asiye na pasi hata akikimbia kama swala hatafika mashindano ya ng'ambo. Tawi liandike kila kijana anayecheleweshwa, tarehe na sababu aliyopewa, tupate ushahidi mkononi.

5. Wanariadha na wachezaji wakigoma tena kwa haki, tawi lipeleke barua ya kuwaunga mkono siku ile ile. Barua haigharimu kitu, na aliyegoma anajua thamani yake.

Ndugu Wafanya kazi, wanaotaka mwanamichezo awe bubu hawamchukii mwanamichezo. Wanapenda miguu yake, na medali yake, na picha yake ukutani. Wanachoogopa ni kwamba watu wakizoea kumsikia mtu wa kazi akisema juu ya mambo ya nchi, watazoea na kutusikia sisi. Na wasiwasi wao huo, kwa kweli, una msingi.

Mkutano ni Jumapili baada ya sala ya Alasiri. Njooni na majina ya watoto.

UMOJA NI NGUVU.

Katibu wa Tawi, Habaswein